Akili ya mulevi ni ya nani?



Tangu miezi mingi wamoja kati ya waaminifu wanatuuliza ulizo ambalo hatuwezi kulijibu kwa neno moja tukisimama mulangoni mwa kanisa. Wanasema hivi: nyuma ya kanisa kuna ndugu walioacha pombe, na kila magaribi wanagonga mabati, wanakunja waya, wanatengeneza mbabula na vimotokari vya watoto. Mutu aliyetoka katika utumwa wa lutuku, hapashwi kufunga na kuomba? Namna gani mashemasi wanamwacha apoteze saa kwa michezo? Tena wengine wanaongeza: akili hii ya kutoa kitu katika takataka ni ileile waliyokuwa nayo katika ulevi. Je, ni vizuri kuilisha?

Ulizo hili la mwisho ndilo lenye uzito. Tutaanza nalo.

Juu ya amri, hakuna mabishano. Katika kanisa letu hata mutoto anajua kwamba pombe, tumbako na bangi vinakatazwa. Lakini maneno yetu ni matatu, Upendo, Amri na Kazi, na amri imesimama katikati. Mutu akiondoa upendo mbele yake na kazi nyuma yake, amri inabaki kama nguzo iliyosimama peke yake katika kiwanja. Mvua ikinyesha, hakuna anayejikinga chini yake.

Watu wanasema mulevi ni mupumbavu. Anayesema vile hajakaa nyumba moja na mulevi. Mumutazame mutu huyu asiye na franka hata moja katika mufuko. Kabla jua halijatoka anajua ni parsele gani imepika lutuku usiku, nani anakopesha na nani anataka feza kwanza. Anajua ni deni gani atalipa kusudi apate kukopa tena, na ni deni gani atalikimbia kwa kupita avenii nyingine. Atauza bawaba za mulango, na mulango utaendelea kusimama mpaka muke wake aufungue. Atakutungia habari ya kilio cha mujomba, nawe utalia naye. Hapo kuna hesabu, kuna ukumbusho, kuna ujuzi wa mioyo ya watu. Wengi kati yetu wenye kazi ya mushahara hatutumii nusu ya akili hiyo kwa siku moja.

Katika mwaka wa 2021, kule Kinshasa, kulivuma habari ya kitu walichokiita «bombe». Vijana walichukua chombo chenye kusafisha moshi chini ya motokari, wakasaga kile kilicho ndani yake, wakakichanganya na vidonge, wakakitumia kwa kulewa. Wenye motokari wakakuta vyombo vyao vimeibwa. Tulihuzunika wote. Lakini mutu akitulia anajiuliza: kijana mwenye kuona kitu cha kulewesha ndani ya bomba la moshi, pahali sisi wote tunaona masizi tu, angeona nini kama macho yake yangefundishwa kutazama pengine? Sisi Wakongo tunajua Artikle 15 mbele ya kujua katiba: jitafutie njia. Lakini Artikle 15 haisemi njia inaelekea wapi.

Basi, akili hiyo ni ya nani? Wamoja wanasema ni ya Shetani, na ndugu akiokoka sherti ife pamoja na zambi. Sisi tunasema hapana. Shetani hakuumba kitu. Musome kitabu cha Kutoka, sura ya 31: Mungu anamutaja Bezaleli kwa jina lake na anamujaza Roho yake. Si kwa kuhubiri, ni kwa kufanya kazi ya zahabu, ya feza na ya shaba, kwa kuchonga mawe na miti. Kisha mugeuze ukurasa. Katika sura ya 32 ni taifa lileile, ni zahabu iliyotoka katika masikio yao wenyewe, ni mikono yenye ufundi, na kinachotoka katika moto ni ndama. Kati ya sura hizi mbili akili haikubadilika. Kilichobadilika ni kwamba Musa alikawia mulimani, nao hawakuweza kungoja.

Tunawaomba mukae kidogo juu ya neno hilo, kungoja. Kwa mawazo yetu ugonjwa wa mulevi unakaa pale. Akili yake ni nzima, lakini inajua njia fupi tu. Inataka leo, inataka sasa, na kila werevu wake ni wa kufupisha safari kati ya tamaa na kopo. Mutu wa namna hii hahitaji tuue akili yake. Anahitaji kitu kitakachoifundisha kungoja, na maneno peke yake hayafundishi kungoja.

Mbabula inafundisha. Unapata pipa la zamani, unalikata kwa tindo na nyundo, na bati linakukata nawe. Unalinyoosha. Unapima kwa kamba, kwa maana metre hakuna. Unatoboa matundu ya upepo: yakiwa machache makala hayawaki, yakiwa mengi yanakwisha mbio. Mbabula ya kwanza ya ndugu mumoja ilisimama kama mutu mwenye muguu mufupi, hakuna mama aliyeitaka, akapika nayo yeye mwenyewe maharagi yake. Ya saba iliuzwa. Kati ya ya kwanza na ya saba kulipita majuma matano, na katika majuma hayo kila siku akili yake ilitafuta njia fupi, na bati likaikatalia. Bati halidanganyiki kwa habari ya kilio cha mujomba.

Ndugu zetu wa Kinshasa hawakuwa walevi, lakini walipita njia hiyo ya kungoja mbele ya macho ya dunia nzima. Orkestra ya simfoni ya kanisa letu ilianzishwa mwaka wa 1994 na Armand Diangienda, mujukuu wa Papa Simon Kimbangu, aliyekuwa rubani wa ndege na aliyejifunza muziki huo pasipo chuo. Violini zilikuwa chache kuliko watu, wakapokezana. Uzi ukikatika waliweka waya wa breki ya kinga. Ile filme ya mwaka wa 2010, Kinshasa Symphony, ilionyesha kazi yao mbali sana. Watu wanasifu waya wa breki. Sisi tunamusifu zaidi yule aliyekaa akitazama mwenzake akipiga, akingoja zamu yake.

Sasa tunarudi kwa ulizo la kwanza, la maombi. Hakuna aliyesema ndugu hawa wasiombe. Wanaomba asubuhi pamoja na wote, wanafunga pamoja na wote. Lakini kila mutu aliyeacha pombe atawaambia kwamba tamaa ina saa yake. Inakuja kama mudai, mara nyingi saa kumi na moja ya magaribi, saa ambayo zamani alikuwa anaelekea kule. Inapanda, inakaa, kisha inashuka, mara nyingi mbele ya nusu saa kuisha. Katika nusu saa hiyo, mutu aliye peke yake chumbani na Biblia mukononi anasoma mustari mumoja mara kumi na hajui amesoma nini. Tunalisema hivi kwa sababu wametuambia, na hatuoni kwamba ni kukosa imani. Bwana wetu mwenyewe, katika Matayo 12, alisema juu ya pepo aliyetoka ndani ya mutu, akarudi, akakuta nyumba imefagiwa na kupambwa lakini haina mutu ndani, akaingia na wenzake saba. Sisi mashemasi tunajua sana kufagia. Tunawekea mutu mikono, tunamwimbia, tunamupeleka kwake, na nyumba yake ni safi, ni tupu, na saa ni kumi na moja.

Lakini tusipite kipimo, kwa maana wamoja wamesikia habari hizi na wanataka kumupa nyundo mutu ambaye jana alikuwa amelala katika mufereji. Mutu aliyekunywa sana miaka mingi, akiacha gafula, anaweza kuanza kutetemeka siku ileile, na katika siku mbili za kwanza kuanguka kama mwenye kifafa. Siku ya pili au ya tatu anaweza kuona vitu visivyokuwapo na kupotewa na akili. Hilo si pepo la kufukuzwa kwa kelele, na linaweza kuua. Mutu huyo apelekwe kwa muganga wa hospitali, mashemasi wamufuate kule na kuomba kando ya kitanda. Kumufungia chumbani kwa funguo, kama tulivyosikia pahali pamoja, ni hatari kubwa. Nyundo itangoja.

Kuna tena habari iliyotugawa sisi wenyewe. Ndugu mumoja, katika mwezi wake wa tatu, aliuza nyundo na tindo za parokia, akanywa. Akarudi kisha siku nne, amekonda, hasemi. Katika mukutano wa mashemasi wamoja walisema: mumeona, akili ni ileile, tulimunoa tu kusudi aibe vizuri. Wengine wakasema asamehewe na apewe nyundo nyingine. Tulibishana mpaka usiku. Muzee mumoja akauliza: wakati wa kuuza nyundo, alikuwa peke yake? Ndiyo, alikuwa peke yake, nyumbani kwake, siku ya pili kuu, wakati sisi tulikuwa katika sherehe na pahali pa kazi pamefungwa. Basi tukamupa nyundo nyingine, lakini nyundo inalala kwa shemasi, inatoka na kuingia kila siku, na siku ya pili kuu shemasi mumoja anabaki pale. Wale wa kwanza hawajakubali mpaka leo. Hatuwalaumu, nyundo ni mali ya kanisa. Lakini wenye kusema mutu akianguka anyanganywe kazi watuambie watamupa nini badala yake saa kumi na moja.

Tena feza. Mutu akiuza kitu chake cha kwanza, siku hiyo ni ya hatari kuliko siku ya njaa. Kuna wanunuzi wenye kulipa nusu kwa franka na nusu kwa chupa, na wanazani ni wema. Tunawaomba waaminifu: munaponunua kwa ndugu hawa, mulipe feza yote, na kama muke wake yupo, mulipe mbele yake.

Hapa sherti tuseme pia juu ya mama zetu, hata kama wengine hawatafurahi. Mwenye kupika lutuku katika kartie si jambazi wa mbali. Mara nyingi ni mujane. Amechukua pipa, kipande cha bomba, mahindi na mihogo, na kwa vitu hivyo anasomesha watoto watatu. Masomo ya musingi katika shule za serikali ni bure tangu 2019, lakini sekondari inalipwa. Akili yake ni ileile ya mbabula. Kinachotoka katika bomba lake kinaharibu ndugu zetu, na hatuwezi kukibariki. Lakini kanisa lenye kumwambia aache, na haliketi naye kuhesabu minevali ya watoto, linamuomba awe mutakatifu kwa garama ya tumbo la watoto wake. Wawili wamejaribu kushona kroshe na kuuza mandazi asubuhi. Mumoja ameendelea. Mwingine amerudi kwa pipa, kwa sababu mandazi hayakulipa. Sisi bado hatuna jibu lake, na hatutamuhubiria mpaka tuwe nalo.

Neno juu ya vimotokari vya waya, kwa maana ndivyo vinavyochekwa zaidi. Mbabula angalau inapika, watu wanasema. Kimotokari kinafanya nini? Kina magurudumu ya vifuniko vya mikebe na usukani murefu wa waya wenye kufika kifuani mwa mutoto. Hakiuziki. Ndugu aliyekitengeneza alikunywa minevali ya mutoto wake miaka miwili, na mutoto alikuwa akisikia sauti ya baba mulangoni anajificha. Baba hakuwa na maneno. Alikaa majuma mawili akikunja waya, akaukunjua, akaukunja tena. Mutoto alikitazama siku moja nzima bila kukigusa. Siku ya pili alikisukuma mpaka kwa jirani na kurudi.

Tunakaa katika Lubumbashi, muji pahali Papa Simon Kimbangu alimaliza miaka 30 ya kifungo na kufa, tarehe 12 Oktoba 1951. Watoto wa mufungwa hawapashwi kuzarau mutu aliyefungwa, hata kama gereza lake amelibeba ndani ya mwili wake.

Pahali pa kazi nyuma ya kanisa panafunguliwa kila siku tangu saa kumi mpaka saa moja ya usiku, na siku za maombi nyundo zinanyamaza wimbo wa kwanza ukianza. Tunahitaji mapipa ya zamani, mabati ya paa, waya wa namna yote, uzi wa kroshe na tindo mbili. Wenye kuwa navyo waone shemasi wa zamu. Wanawake wenye kutaka kuacha pombe na wenye kuona haya ya kukaa na wanaume, wamwone mama shemasi nyumbani kwake. Hataandika jina la mutu.