Fedha za Manowari na Dhamiri ya Mtafiti

Ofisi ya Utafiti ya Jeshi la Majini la Marekani, iliyoundwa kwa sheria mwaka 1946, huwaalika mara kwa mara wanasayansi wa vyuo vikuu na wa kampuni wapeleke mapendekezo ya utafiti. Utaratibu wenyewe ni wa kiofisi: mtafiti hupeleka kwanza andiko fupi la wazo lake, na likikubalika huombwa andiko kamili lenye bajeti, ratiba na majina ya watakaoshirikiana naye. Yanayotafutwa chini ya maji yanajulikana: jinsi ya kuisikia nyambizi ya adui kabla haijakusikia, jinsi sauti inavyopinda inapopita katika maji ya joto na ya baridi, jinsi chombo kisicho na mtu kinavyoweza kukaa kilindini muda mrefu. Nyuma ya makaratasi hayo lipo swali la dhamiri lisilokwisha kwa kusainiwa mkataba. Mtu anayetafuta ukweli kwa fedha za mwenye vita, je, anabeba sehemu ya vita hivyo? Naamini anabeba, na nia njema peke yake haimwondolei mzigo huo. Anaweza kuzipokea fedha hizo kwa haki kwa sharti moja: atakachokigundua kiwe wazi kwa wote, wakiwemo wale kitakaowadhuru.

Wanaopinga wana ushahidi mzuri, na si haki kuupuuza. Chombo cha kuzamia kiitwacho Alvin kilijengwa kwa fedha za Jeshi la Majini na kuanza kazi mwaka 1964. Mwaka 1977, karibu na visiwa vya Galápagos, kiliwashusha wanasayansi hadi kwenye chemchemi za maji moto zilizozungukwa na viumbe wasiotegemea mwanga wa jua, na elimu yetu kuhusu uhai ikabadilika. Frank Watlington, mhandisi aliyekuwa akilifanyia jeshi hilo kazi ya kusikiliza bahari kutoka Bermuda, alinasa sauti za nyangumi na kumpa mwanabiolojia Roger Payne. Payne na mwenzake Scott McVay wakaonyesha mwaka 1971 kwamba sauti hizo hurudiwa kwa mpangilio kama wimbo, na santuri yake, iliyotoka mwaka uliotangulia, iliamsha watu wengi kudai uwindaji wa nyangumi ukome. Vifaa vilivyotegwa kwa ajili ya vita vikamfanya mwindwaji apate watetezi. Kwa nini basi tusiseme kwamba elimu haina hatia, hata ikilipiwa na nani?

Sababu ya kwanza ni kwamba mwenye mfuko huchagua swali. Mwanahistoria Naomi Oreskes, katika kitabu alichokichapisha mwaka 2021 kuhusu fedha za kijeshi na sayansi ya bahari, anaonyesha kwamba fedha hizo ziliamua tulichokijua na pia tulichobaki bila kukijua. Kwa miongo kadhaa bahari ilichunguzwa zaidi kama njia ya kupitisha sauti na uwanja wa kujifichia kuliko kama makazi ya viumbe. Hakuna aliyelazimika kusema uongo ili hali hiyo itokee. Ilitosha kwamba swali moja lilipata meli na vyombo, na jingine halikupata. Mtafiti anayesema kwamba yeye hufuata ukweli tu anasahau kwamba njia aliyoifuata ilikwisha kufyekwa na mwingine kwa kusudi lake. Sisemi kwamba alichokikuta si kweli. Nasema kwamba kuuchagua ukweli huu na kuuacha ule ni tendo, na kila tendo lina mwenye kuulizwa.

Sababu ya pili ilionekana ufukweni. Mwezi Machi mwaka 2000, manowari za Marekani zilikuwa zikifanya mazoezi katika mikondo ya Bahamas zikitumia sonari, yaani kutuma mlio mkali majini na kusikiliza mwangwi wake. Katika muda wa siku mbili hivi wanyama 17, wengi wao nyangumi wenye midomo mirefu ambao kwa kawaida huishi kilindini, walikwama ufukweni. Mtafiti Kenneth Balcomb, aliyekuwa akiwachunguza nyangumi mahali hapo hapo, alihakikisha kwamba vichwa vya baadhi ya waliokufa vinagandishwa ili viweze kupigwa picha za ndani kwa mashine za hospitali, na damu ikaonekana imevuja karibu na masikio. Balcomb mwenyewe aliwahi kuwa ofisa wa jeshi hilo hilo katika kazi ya kusikiliza chini ya maji. Ripoti ya pamoja ya Jeshi la Majini na Wizara ya Biashara ya Marekani, iliyotolewa Desemba 2001, ilikiri kwamba sonari za meli hizo ndizo zilizokuwa chanzo kinachoelekea zaidi. Wahandisi waliobuni mlio ule hawakumkusudia nyangumi. Hata hivyo, alikufa.

Hapa ndipo mapokeo makuu ya maadili yanapotusaidia. Mwanatheolojia Thomas Aquinas alifundisha kwamba tendo moja laweza kuwa na matokeo mawili, moja lililokusudiwa na jingine lisilokusudiwa. Waliomfuata wakaongeza kwamba madhara yasiyokusudiwa hayasameheki ikiwa ni makubwa kuliko jema linalotafutwa. Mafakihi wa Kiislamu, ambao kwao thamani ya amali hutegemea nia, waliweka pia kanuni kwamba kuzuia ufisadi hutangulia kuleta manufaa. Mapokeo yote mawili yanaitukuza nia, na yote mawili yanakataa kuishia hapo. Yanadai tupime. Na mtu hawezi kupima kilichomo ndani ya gunia asiloruhusiwa kulifungua. Siri huficha kifaa, na pamoja nacho huficha madhara yake, kiasi kwamba hata mtu mwema hawezi tena kutambua kama alichokifanya ni chema. Uwazi, basi, ni zaidi ya adabu ya wanasayansi. Bila uwazi, hukumu ya dhamiri haina pa kuanzia.

Tazama kazi ya mchora ramani Marie Tharp. Miaka ya 1950, katika kituo cha Lamont cha Chuo Kikuu cha Columbia, alichora sakafu ya Atlantiki kutokana na vipimo vya kina vilivyoletwa na meli ambazo yeye, kwa kuwa mwanamke, hakuruhusiwa kuzipanda. Alipovipanga sambamba, aliona bonde lenye umbo la V likipita katikati ya safu ya milima ya baharini, dalili kwamba sakafu ya bahari inapasuka na kutanuka. Ramani zenye mistari ya kina zilikuwa siri ya serikali. Yeye na mwenzake Bruce Heezen wakachora milima na mabonde jinsi mtu angeyaona kutoka kwenye ndege, njia iliyoruhusiwa, wakachapisha mchoro wa Atlantiki ya Kaskazini mwaka 1957, na mwaka 1964 ule wa Bahari ya Hindi, bahari inayopiga pwani yetu. Elimu iliyofungiwa kwa ajili ya wachache ikawafikia wasioshiriki katika Vita Baridi.

Watasema kwamba nchi ina haki ya kujilinda, na ulinzi hauwezekani bila siri. Nakubali. Nyambizi ya Kijerumani ilipoizamisha meli ya abiria Lusitania mwezi Mei 1915, watu wapatao 1,200 walikufa, na mwanafizikia Paul Langevin, aliyetafuta huko Ufaransa njia ya kuigundua nyambizi kwa mwangwi, hakufanya uovu. Lakini haki ya serikali kuwa na siri haimpi mwalimu wa chuo kikuu haki ya kuzibeba siri hizo chini ya jina la utafiti huru. Kazi ya siri ifanywe katika maabara za jeshi, na watu wanaojulikana kuwa wa jeshi, chini ya bunge linaloweza kuwahoji. Hata sera ya Marekani ya mwaka 1985 ilitamka kwamba matokeo ya utafiti wa msingi yabaki huru kadiri iwezekanavyo. Mpaka huo upo, ila unahitaji watu wa kuulinda.

Wengine watasema kwamba ukikataa wewe, mwenzako atakubali. Utayari wa jirani yangu kutenda kosa hauligeuzi kosa kuwa halali kwangu. Mwaka 1947 mwanahisabati Norbert Wiener alikataa hadharani kutoa makala yake itumike katika kazi ya makombora. Makombora hayakukoma, lakini kukataa kwake kuliwalazimu wenzake kujieleza, na jamii isiyolazimika kujieleza huzoea lolote. Kwa upande wa pili, wapo watakaoniona mlegevu, kwa kuwa elimu iliyo wazi huweza kumfaa mshambulizi vilevile. Ni kweli. Uwazi haufanyi elimu kuwa salama. Huifanya iweze kusahihishwa, kwa sababu huwapa waathirika na watetezi wao ushahidi ule ule alio nao mwenye nguvu.

Kwa hiyo anayeandika pendekezo la utafiti kwa fedha za jeshi na aandike mambo matatu kabla ya bajeti: nani atadhurika kazi hii ikifaulu, ni lini matokeo yatachapishwa bila kuombewa ruhusa, na katika hali gani atajiondoa. Ikiwa mfadhili hawezi kuyakubali, azirudishe fedha. Elimu ni amana, na mwenye amana hudaiwa na wote inaowahusu, wala si yule tu aliyelipa gharama za kuipata.