KUNYAMAZA NI KUKUBALI?

Katika kilio cha kwetu kuna maswali yanayoulizwa kabla sanduku halijafungwa. Nani alikuwa naye usiku ule? Alisema nini mara ya mwisho? Nani alimuosha? Wajomba wakitoka mbali wanakaa kwanza, wanapewa maji, halafu wanaomba waelezwe kifo tangu mwanzo. Mwenye kueleza akiruka jambo moja tu, watamrudisha nyuma. Mtu wa mujini anaona ni kupoteza wakati. Mimi naona maswali yale yanatusaidia kupima jambo moja ambalo nchi nyingi zimelibishania katika bunge zao: mtu akifa, nani ana haki ya kusema kwamba figo lake, moyo wake au maini yake yatolewe na kupewa mgonjwa?

Tuanze na Ubelgiji, kwa sababu ndugu zetu wengi wanaishi kule. Sheria yao ya tarehe 13 Juni 1986 inasema, kwa kifupi, kwamba kila mtu aliyeandikwa katika daftari ya wakaaji, na hata mgeni aliyeandikwa zaidi ya miezi sita, anahesabiwa kuwa amekubali kutoa viungo vyake akifa, isipokuwa kama alijulisha kwamba anakataa. Asiyetaka anaweza kwenda komine kuandikisha neno lake. Asiyeenda, amekubali. Kwa hiyo Mukongomani aliyefika Bruxelles kutafuta masomo, akipitisha miezi sita katika daftari ile, naye yumo. Zamani jamaa wa karibu waliweza kupinga. Mwaka 2007 kifungu hicho kiliondolewa, ingawa waganga wamebaki na desturi ya kuzungumza na familia kwanza.

Nilileta jambo hili mbele ya wanafunzi wa mwaka wa sita, katika somo la falsafa. Nilidhani watapigia kelele kukatwa kwa maiti. Walipigia kelele kitu kingine kabisa. Musichana mumoja aliuliza: « Sasa, mwalimu, kama mutu alinyamaza juu hayue ile sheria, njo alikubali? » Na kijana wa nyuma akaongeza: « Leta haituulizake hata juu ya umeme, itatuuliza juu ya moyo? » Kalasi ilicheka, lakini maneno yale mawili yanabeba karibu mambo yote ambayo ningetaka kuandika hapa.

Tusiwadharau wale waliotunga sheria hiyo. Mtu aliyepasuka kichwa katika ajali, ubongo wake ukafa, anaweza kuendelea kupumua kwa mashine, moyo ukidunda kwa muda mufupi. Ni katika muda ule tu viungo vyake vinaweza kufaa. Mama yake analia kwenye baraza ya lopitali, na ni yeye munganga anapaswa kumuendea. Maiti mumoja anaweza kuokoa wagonjwa kadhaa. Mutunga sheria anasema: watu wengi wangekubali kama wangeulizwa, ila hawana mazoea ya kwenda kuandikisha kifo chao, basi anayekataa ndiye asumbuke. Hoja hii si ya mwizi.

Lakini kunyamaza kunakuwa jibu wakati gani? Katika baraza la wazee, mukubwa akiuliza mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu, na hakuna anayefungua kinywa, neno limepita. Limepita kwa sababu wote walikuwepo, wote walisikia swali, na yeyote angeweza kusimama. Ondoa moja kati ya hayo matatu, na kunyamaza kunarudi kuwa kunyamaza tu. Pengine ni usingizi. Pengine ni hasira. Tunajua kwamba kimya kingi kina mshindo.

Brazil walijaribu. Sheria ya mwaka 1997 iliwahesabu watu wote wazima kuwa watoaji, na asiyetaka alipaswa kuandikiwa hivyo katika kitambulisho chake. Watu wengi wakakimbilia kuandikwa kuwa si watoaji. Maskini waliogopa kwamba muganga, badala ya kuwatibu, atawangojea wafe. Mwezi wa Oktoba 1998 serikali ikarudi nyuma, familia ikaanza tena kuulizwa.

Sisi wa Katanga hatuhitaji kusafiri hadi Brazil kuelewa hofu ile. Wazee wetu wa Elisabethville walisimulia juu ya batumbula, watu wa usiku waliokamata wapita njia na kuwapeleka kwa Wazungu. Musomi anaweza kucheka. Lakini mtu ambaye miili ya watu wake ilihesabiwa na kutumikishwa bila yeye kuulizwa, utamushangaa vipi akiona kisu kila mahali?

Wengine watasema: mila yetu inakataza kabisa kugusa mwili wa maiti. Hapa sikubali. Kule kaskazini, kwa Azande, mutaalamu Evans-Pritchard aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1937 jinsi tumbo la marehemu lilivyopasuliwa ili kutafuta mangu, kile kitu cha uchawi walichoamini kinakaa ndani ya mwili. Aliyekata alikuwa jamaa au ndugu wa kuchanjiana damu. Matumbo yalizungushwa polepole kwenye kijiti, na wazee wakayakagua moja kwa moja. Ilikuwa kazi ya kusafisha jina la familia. Angalia vizuri: mwili ulifunguliwa, lakini mbele ya macho ya watu. Nadhani kinachotuumiza katika habari za viungo ni siri, kuliko kisu.

Na Afrika ndiko moyo wa mtu ulihamishiwa mara ya kwanza katika kifua cha mtu mwingine, Cape Town, tarehe 3 Desemba 1967. Edward Darvall alikuwa amempoteza muke wake katika ajali, na binti yake Denise, wa miaka 25, hakuwa na tumaini tena. Waganga walimuuliza. Alifikiri dakika chache, akasema ndiyo. Louis Washkansky aliyepata moyo ule aliishi siku 18. Figo moja ya Denise ilipewa kijana wa miaka 10 ambaye, kwa sheria za ubaguzi za nchi ile, hakuhesabiwa kuwa Muzungu kama yeye. Ule « ndiyo » ulitoka kinywani mwa baba, mbele ya waliomuuliza.

Hata hivyo, nani angeulizwa kwetu? Kwa Babemba, mtoto ni wa ukoo wa mama. Mujomba atauliza kwa haki: huyu mujane alitoa ruhusa kama nani? Kwa Baluba wa Katanga, upande wa baba utasema hivyohivyo. Sheria inayomuita muke na watoto tu inawasha moto ambao munganga hatauzima.

Tena, sisi wenyewe tuna deni. Leo mwenye kuharibika figo, kama familia ina pesa, anapelekwa India, na mara nyingi anaenda na ndugu wa kumtolea figo, kwa sababu sheria ya kule ya mwaka 1994 inatanguliza jamaa wa karibu. Kabla ya ndege, kuna kikao. Mukubwa ni mugonjwa. Ni yeye aliyemulipia mudogo wake minerval tangu primeri. Macho yote yanamugeukia yule mudogo, na yeye anaangalia chini. « Amekubali », wazee wanasema. Amekubali nini? Hapo hakuna Mubelgiji wala daftari ya komine. Ni sisi, na tumefanya lile ambalo wanafunzi wangu waliona ni ubaya: tumehesabu kimya cha mwenye deni kuwa ndiyo.

Mimi ningependa neno hili lisemwe mapema, mutu akiwa muzima, mbele ya pande zote mbili za ukoo, kama vile wazee wanavyosema wazi wapi wazikwe na nani atachukua shamba. Wasia wa namna ile tunauheshimu hata kama hautupendezi. Aliyesema « mutoe », mujomba asimzuie. Aliyesema « hapana », Leta isimguse.

Kwa yule mudogo ni vigumu zaidi, maana yeye anaishi. Kikao kingepaswa kumuuliza akiwa peke yake, na mutu asiye na faida katika jibu lake. Na akisema hapana, mukubwa akafa, nani atakaa karibu naye siku ya kilio, wajomba wakianza kuuliza maswali yao?