Je, Tumwache Jirani na Mambo Yake?
Kutoka ukingoni hapa Mtae twaitazama nyika chini, nasi twakumbuka hadithi ya Kimarekani, Star Trek, iliyoanza kuonyeshwa mwaka 1966. Humo wasafiri wa nyota wamekatazwa kuingilia mambo ya watu wa sayari nyingine ambao hawajafikia ufundi wao. Amri njema, lakini aonaye udongo wa jirani ukichukuliwa na mvua, anyamaze?

Mwaka 1946 serikali ya Kiingereza ilianza mpango wake huko Mlalo, na Washambaa wakaamriwa kulima kwa matuta. Udongo ulikuwa ukipotea kweli, hilo hatulikani. Ila mama zetu, wenye jembe, hawakuulizwa. Akataaye alitozwa faini. Twadhani kosa halikuwa kusema, bali kuamuru. Matuta yaliachwa kabla ya uhuru wa 1961, na mvua haikungoja mashauri.