Jina la Mungu Ubavuni mwa Matatu

Katika njia panda ya Kisian, ambapo barabara itokayo Kisumu hugawanyika, mkono mmoja ukielekea Maseno na Busia na mwingine Bondo, hupita matatu zilizoandikwa shukrani na maombi kwa Mwenyezi Mungu, ambaye kwa Kidholuo huitwa Nyasaye. Huko Panama, mabasi makuukuu ya shule kutoka Marekani yalipakwa rangi kali, na wenyeji wakayaita mashetani wekundu. Nchini Kenya, kinyume chake, nganya, yaani matatu iliyopambwa kwa michoro na kusheheni muziki, huweza kubeba jina takatifu. Je, maandishi hayo ni sala, au ni kulitaja bure jina la Mungu, jambo lililokatazwa na Amri Kumi? Kanuni za matatu za mwaka 2004 za John Michuki, aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi, zilizoleta mstari wa manjano, mikanda na vidhibiti mwendo, hazikuligusa swali hili, wala hazikuwa na namna ya kuligusa.

Sala huwa na msemaji, na hapo ndipo ugumu ulipo, kwa kuwa aliyemlipa mchoraji ni mwenye gari, ilhali anayeshika usukani ni dereva ambaye pengine hakuulizwa neno. Dereva huyo hudaiwa hesabu, yaani fedha anazomkabidhi tajiri wake kila jioni kabla hajapata riziki yake mwenyewe, na hesabu ikiwa kubwa kupita kiasi humsukuma kukimbiza gari na kujaza watu kupita viti. Kwa hiyo mwenye gari yule yule huomba ulinzi kwa rangi na kuuondoa kwa hesabu. Waislamu hufundisha kwamba tawakuli, yaani kumtegemea Mungu, haimwondolei mja wajibu wake. Husimuliwa kuwa Mtume alimwelekeza mtu amfunge kwanza ngamia wake, ndipo amtegemee Mola.

Kwa mtazamo huo, maandishi hayo yanafaa kuhesabiwa kuwa nadhiri, yaani ahadi ambayo mtu humwekea Mungu na kufungwa nayo, na aliyeyaagiza ndiye wa kwanza kufungwa. Dereva naye hasalimiki kwa kusema kwamba hakuyachagua, maana abiria aliyepanda Kisian ameyasoma na kumwamini yeye. Ila deni lake ni dogo kuliko la tajiri, ambaye angeweza kupunguza hesabu siku ya mvua, barabara inapoteleza na abiria kuwa wachache.