Mshindi wa Mahiwa

Mwezi wa kumi, njia panda ya Nanganga hunukia korosho. Kijana huinama, wenzake wawili humtwika gunia mgongoni, naye hukimbilia lori kwa hatua fupifupi, jasho likimwingia machoni. Pembeni amesimama mwenye mali na daftari lake. Anahesabu magunia. Migongo haimo katika hesabu yake.

Mwezi kama huo, mwaka 1917, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, barabara hii ya Lindi hadi Masasi ilikuwa na mwenye daftari mwingine: Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa majeshi ya Mjerumani Afrika Mashariki. Alikuwa ofisa aliyekwisha kupigana China na Namibia, na Novemba 1914 aliwarudisha Waingereza baharini pale Tanga, ingawa walimzidi kwa idadi mara nyingi. Sifa zake zilivuma hadi Ulaya.

Tarehe 15 Oktoba, mapigano yakaanza Nyangao na Mahiwa, si mbali na Nanganga ukielekea Lindi. Kwa siku nne majeshi ya Mwingereza yaliyakabili mahandaki yake uso kwa uso, nayo yakafyekwa. Yalipoteza watu kama 2,700, waliouawa na waliojeruhiwa, kati ya 5,000 hivi. Lettow alipoteza 500 na zaidi kati ya 1,500. Ukizilinganisha namba hizo, alishinda, na baadaye akapandishwa cheo kuwa jenerali.

Lakini hebu tuzihesabu upya. Theluthi ya jeshi lake ilikuwa imekwisha na risasi zilikuwa zimepungua. Mwingereza alikuwa na bandari ya Lindi nyuma yake, kwa hiyo pengo lake lingezibwa na meli. Pengo la Lettow halikuwa na wa kuliziba. Mwezi mmoja baada ya ushindi huo alikuwa anakimbia. Juu ya uwanda wa Wamakonde, mahali paitwapo Nambindinga, alichambua jeshi lake kama mtu achambuaye mchele: wenye nguvu wakaenda naye, mamia ya wagonjwa na majeruhi wakaachwa wachukuliwe na adui. Tarehe 25 Novemba alivuka Ruvuma akaingia Msumbiji. Ardhi aliyoipigania ikabaki mikononi mwa Mwingereza.

Na waliokuwa wakiuana pale Mahiwa ni akina nani? Wazungu walikuwa wachache. Walio wengi walikuwa Waafrika, kila upande. Mwaka huohuo Waingereza waliwaandikisha katika King's African Rifles (KAR), jeshi lao la Waafrika, mateka waliokuwa askari wa Mjerumani, kwa hiyo mtu angeweza kumlenga aliyekula naye sahani moja mwaka uliotangulia. Havikuitwa vita vya wenyewe kwa wenyewe kwa sababu bendera zilikuwa za wageni. Damu ilikuwa ya ndugu.

Nyuma ya kila askari walikuwapo wapagazi. Mtu alibeba mzigo wa kilo 25 hivi kichwani, akala unga kidogo, akalala mvuani, na akiugua kuhara aliachwa njiani. Upande wa Mwingereza peke yake, vifo vilivyoandikwa vilipita 40,000, na wanahistoria wengi wanakadiria kwamba waliokufa walikaribia 100,000. Upande wa Lettow hakuna daftari kamili. Alama waliyotuachia wapagazi ni jina la soko la Dar es Salaam: Kariakoo, kutokana na jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi.

Lettow alisalimu amri Abercorn, leo Mbala, Zambia, Novemba 1918, akiwa na Wazungu 155 na askari 1,168. Berlin ilimpokea kwa gwaride. Ila mkono uliozoea kutawala kwa bunduki haukutulia hata nyumbani kwake. Mwaka 1919 aliongoza askari kuzima ghasia za Wajerumani wenzake mjini Hamburg, na mwaka 1920 akajiunga na waliotaka kuipindua serikali. Jaribio lilishindwa, naye akatolewa jeshini. Alikufa mwaka 1964. Mwaka huohuo serikali ya Ujerumani Magharibi iliidhinisha malipo kwa askari wake wachache waliokuwa bado hai. Karibu miaka 50 ilikuwa imepita tangu vita.

Funzo ni hili. Kamanda anaweza kushinda kila siku na bado akapoteza kila kitu, iwapo anahesabu adui walioanguka na hahesabu kinachomponyoka mkononi. Na sifa yake, hata ikivuma vipi, ni mkopo aliouchukua kwenye migongo ya wengine.

Kijana unayesoma haya, kesho anaweza kukujia mtu mwenye silaha na maneno matamu, akakwambia vita vyake ni vyako. Usimuulize ameshinda mara ngapi. Muulize mzigo ataubeba nani, na walioubeba jana wako wapi.