Mbwa Asiye na Mwenyewe

Wengi Nairobi wakitaka mbwa hununua mtoto wa mbwa wa Kizungu kwa pesa nyingi. Lakini mtoto wa mbwa ni kitendawili: huwezi kujua atakuwa na tabia gani. Mbwa mzima aliyeokolewa na KSPCA, chama cha kuwalinda na kuwatunza wanyama, kitendawili chake kimeshateguliwa. Wanaomlisha kila siku wanajua kama anapatana na watoto au paka. Tena mbwa koko wetu, kwa kuwa damu yake imechanganyika, kwa kawaida haandamwi sana na magonjwa ya kurithi yanayowatesa wengi wa mbegu safi.

Wapo wanaohofu kichaa cha mbwa. Hofu hiyo ina msingi, maana hadi asilimia 99 ya watu wanaokipata huambukizwa na mbwa. Ila kinga yake ni chanjo: Shirika la Afya Duniani linasema wakichanjwa asilimia 70 ya mbwa wa eneo, maambukizi hukatika. Basi kila mbwa anayetolewa barabarani, akachanjwa na kuhasiwa, humkinga hata jirani. Ni kweli, mbwa aliyezoea kupigwa mawe hachelewi kukimbia mkono wa mtu, naye huhitaji wiki kadhaa za subira. Mpe wiki hizo. Kabla hujanunua, pitia kwanza makao ya waliookolewa.