Ndama Hakujitengeneza

Je, muziki wa kompyuta unafaa kanisani? Swali hili likiulizwa, wazee husema hapana, vijana husema ndiyo, na mjadala huishia kwenye ukubwa wa spika. Lakini vyombo havijawahi kuwa tatizo kubwa katika Biblia. Yubali, anayetajwa katika Mwanzo sura ya 4 kuwa chanzo cha wapiga kinubi na filimbi, alikuwa wa uzao wa Kaini, na bado kinubi kilifika mikononi mwa Daudi. Kwetu wamisionari wengi walileta kinanda na kuikataa ngoma; leo ngoma imo madhabahuni na hakuna anayeshtuka. Vyombo huokoka upesi kuliko sisi.

Swali gumu ni lingine: wimbo ukitengenezwa kwa mashine, nani anawajibika kwa kilichomo?

Tuingie studio. Siku hizi wimbo wa kwaya mara nyingi huanza kabla waimbaji hawajafika. Prodyuza hukaa mbele ya kompyuta, akachagua mwendo, tuseme mapigo 96 kwa dakika, kisha akapanga ngoma, besi na kayamba. Kwenye skrini muda umechorwa kama karatasi ya hesabu, kila pigo na chumba chake. Akigonga mapema au akichelewa kidogo, anaweza kuiamuru programu ilivute pigo mpaka likae kwenye mstari. Akiyavuta mapigo yote hivyo, mdundo unanyooka kama rula, na hakuna bega linalotikisika.

Jambo hili lilijulikana mapema. Roger Linn, Mmarekani aliyetoa mashine ya ngoma iitwayo LM-1 mwaka 1980, aliipa uwezo wa kunyoosha mapigo ya mpigaji. Akaipa pia uwezo wa kuchelewesha kidogo kila pigo la pili kati ya yale madogo, ili mdundo uyumbe kama unavyoyumba mkononi mwa mtu. Uyumbe kiasi gani? Mashine haikujua. Ilimngoja mtu abonyeze, asikilize, abonyeze tena. Ubunifu wa muziki huu umekaa hapo mpaka leo. Mashine inatandaza yote yanayowezekana, na mtu anasema hili ndiyo, lile hapana. Prodyuza mzuri aweza kumaliza usiku mzima akiirudisha kayamba nyuma kwa kipimo ambacho sikio haliwezi kukitaja, ila mguu unakijua.

Ndiyo maana napenda Kutoka sura ya 31. Tumezoea kumtafuta Roho katika mahubiri na maombi, lakini hapo Mungu anamjaza Bezaleli Roho yake kwa ajili ya kufanya kazi ya dhahabu, fedha, shaba, mawe na mbao. Bezaleli hakuumba dhahabu. Ilitolewa na watu. Prodyuza naye ngoma anayoitumia huenda ilipigwa na mtu asiyemjua, na programu iliandikwa na wengine. Anayeumba pasipo kitu ni Mmoja tu.

Sasa geuza ukurasa. Sura ya 32 ina dhahabu tena, na fundi mwingine. Haruni anapokea pete za masikioni, anatengeneza ndama kwa patasi. Musa anapomhoji, anajieleza kwamba aliitupa dhahabu motoni, na ndama akatoka. Sijui jibu la kuchekesha kuliko hilo katika Agano la Kale lote. Studio nako lipo: "Kompyuta ndivyo inavyofanya."

Chukua suala la kunyoosha sauti. Mwaka 1997 kampuni ya Antares ilitoa Auto-Tune, kazi ya Andy Hildebrand, mhandisi ambaye awali alichambua mawimbi yanayopita ardhini ili kutafuta mafuta. Programu hiyo hupima sauti ya mwimbaji na kuivuta kwenye noti iliyo karibu. Ikitumika kwa kiasi, hata mwenye sauti hagundui. Je, ni uongo? Si kila mara, naona. Mwalimu wa kwaya hurudisha ubeti mara kumi mpaka ukae sawa, na hakuna anayemlaumu mhubiri kwa kufuta sentensi mbovu Jumamosi usiku.

Lakini tuseme kwaya ina watu 30. Wote wamechanga, wote wamefunga na kuomba. Muda wa studio unakwisha, na prodyuza anaona ni haraka zaidi kuchukua waimbaji 4 wenye sauti kali, kuzirudufu sauti zao, kuzinyoosha na kuzitandaza kushoto na kulia mpaka zisikike kama umati. Wengine 26 wataonekana kwenye video wakifungua vinywa. Wimbo utapendeza, pengine utamfariji mgonjwa wodini. Ila yuko mama wa sauti ya pili anayeusikiliza redioni akijitafuta, na hayumo. Nani amemtoa? Mwenyekiti anasema ni studio. Prodyuza anasema ndivyo programu zinavyofanya kazi. Ndama katoka motoni.

Paulo, katika 1 Wakorintho 12, anavihesabu viungo vinavyoonekana dhaifu kuwa vya lazima. Madhara nayaona hapo kuliko kwenye noti. Kwaya ya kwenye simu inageuka kipimo cha Jumapili, na mshirika mwenye sauti ya kukwaruza anaanza kuimba kwa midomo tu, kisha hata midomo inaacha.

Sasa zipo programu ambazo ukiziandikia sentensi moja zinakuletea wimbo kamili, pamoja na waimbaji ambao hawakuzaliwa. Hata huko yupo mtu: aliyeandika sentensi, na aliyeamua wimbo huo uletwe ibadani. Naye asituambie kwamba alitupa maneno tu, wimbo ukatoka.

Kwaya inayojiandaa kurekodi ina jambo moja la kufanya. Kabla ya kumaliza kazi, mwombeni prodyuza azime marekebisho yote, mkae wote 30 mzisikilize sauti zenu zilivyo. Kisha mseme ni kipi kirekebishwe na kwa nini, mwenye sauti akiwepo. Itachukua kama nusu saa, na nusu saa ya studio inalipiwa, kwa hiyo mweka hazina ajulishwe mapema.